Maneno matatu ya kodi: kutoka London ya 1601 hadi bomba la maji Magadi

Leo naweka Linux kando nizungumzie kodi. Si ile kodi ninayoandika mchana kutwa, ambayo sisi watu wa kompyuta tunaiita hivyo kwa uvivu wa kutafuta neno jingine, bali kodi yenyewe, ile ya serikali. Najua wengine mmeshaanza kusogeza panya mfunge ukurasa. Ngojeni kidogo. Hii habari ina malkia, ina wamisionari, ina magadi, na ndani yake imo sababu ya kwa nini kikundi cha kijijini kisichotafuta hata senti ya faida kinaweza kuhangaika miaka mingi kabla ya kutambuliwa hivyo.

Ninaishi Kitengela. Kwa kuwa watu wanajua nafanya kazi ya kompyuta, vikundi vya Kajiado hunijia niwatengenezee orodha ya wanachama, hesabu za michango, mara nyingine tovuti. Kompyuta ikishatulia huja swali la pili ambalo halinihusu kabisa: sasa tufanyeje tusikatwe kodi? Mimi si mwanasheria wala mhasibu. Lakini nikiisoma sheria naiona kama programu kuukuu iliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani bila kuacha maelezo. Ukitaka kujua kwa nini inafanya inachofanya, huna budi kufukua matoleo ya zamani. Ndicho nilichofanya, jioni baada ya jioni, na hiki ndicho nilichokuta.

Anza na toleo letu wenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, ilipitishwa mwaka 1973 ikaanza kutumika Januari 1974. Mwishoni ina majedwali, na kwenye Jedwali la Kwanza kuna aya ya 10. Hiyo aya ya 10 ndiyo mlango. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba mapato ya taasisi, kundi la watu au amana yenye sura ya umma hayatozwi kodi iwapo chombo hicho kimeanzishwa kwa ajili ya mambo haya tu: kuondoa umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza dini, au kuendeleza elimu. Kisha Kamishna wa kodi lazima aridhike kwamba fedha hizo zitatumika Kenya, au zitatumika kwa namna itakayowafaidi wakazi wa Kenya. Akiridhika anatoa cheti, na cheti hicho ni cha miaka 5.

Umaskini, dini, elimu. Maneno matatu. Mtu wa programu ataona mara moja ilivyo: ni orodha ya kuchagua yenye chaguo tatu, na hakuna chaguo la "mengineyo".

Hebu sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni. Mwaka 2019 nilikuwa nasaidia kikundi kimoja cha akina mama upande wa Magadi, ng'ambo ya Olepolos ukiteremka bondeni. Jina lao naliacha, si watu wa kutafuta umaarufu. Anayeijua Magadi anajua kwamba ziwa lipo ila maji hayapo. Lile ziwa ni chumvi ya magadi tupu, na joto lake halina mfano. Akina mama hawa walikuwa na bomba moja na tangi, wakiuza maji kwa mtungi kwa bei ndogo, na pesa iliyobaki baada ya matengenezo ikienda kwenye karo. Kampuni moja ya Nairobi ikaahidi kuwanunulia pampu ya sola. Kila kitu kikaenda vizuri mpaka barua ya mwisho, ambapo wahasibu wa kampuni waliomba kitu kimoja: cheti cha msamaha wa kodi.

Mama mwenyekiti akatoa cheti cha kikundi, kile cha ofisi ya maendeleo ya jamii, kimewekwa kwenye fremu na kioo. Wahasibu wakasema sicho. Nikaeleza kama nilivyoelewa wakati ule. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kijana, hiyo kodi ni ya nini? Kwani maji ni biashara?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilipokwenda kusoma nikakuta wahasibu wale hawakuwa na roho mbaya. Kifungu cha 15 cha sheria ya kodi, pamoja na kanuni za michango ya hisani za mwaka 2007, viliruhusu mfadhili kuondoa mchango wake kwenye hesabu ya kodi ikiwa tu anayepokea ni shirika la hisani lenye msamaha wa aya ya 10, na lililosajiliwa, au lililosamehewa kusajiliwa, chini ya Sheria ya Vyama au Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 1990. (Mlango mwingine ulikuwa mradi ulioidhinishwa na Waziri, lakini nani atakwenda kwa Waziri kwa sababu ya pampu moja?) Cheti cha kikundi cha kujisaidia hakikuwamo kwenye orodha. Kikundi kile kilikuwa halali kabisa, kilikuwa na katiba, mihtasari, akaunti ya benki, na kwa sheria ya hisani hakikuwepo. Pampu haikuja mwaka ule.

Basi nikaanza kufukua. Maneno haya matatu yalitoka wapi?

Yalitoka Uingereza, na umri wake ni zaidi ya miaka 400. Mwaka 1601, mwishoni mwa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia watu kutafuna mali zilizowekwa kwa ajili ya hisani. Utangulizi wake una orodha ya mambo yanayohesabika kuwa hisani, nayo inafurahisha kuisoma: kuwasaidia wazee na wasiojiweza, kutunza askari waliojeruhiwa, shule, kukarabati madaraja, bandari, barabara na kingo za bahari, kulea mayatima, kuwakomboa mateka. Tazameni hiyo orodha. Madaraja na kingo za bahari! Watu wa 1601 waliona kwamba kuzuia maji yasimeze kijiji ni hisani kama kumpa maskini mkate.

Kodi ya mapato ilikuja baadaye sana. Waziri Mkuu William Pitt aliianzisha mwaka 1799 kugharamia vita dhidi ya Ufaransa, ikafutwa, ikarudi, na mwaka 1842 ikarudi moja kwa moja pamoja na msamaha kwa mali za hisani. Mwaka 1863 Gladstone, akiwa Waziri wa Fedha, alijaribu kuuondoa msamaha huo. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba ukimsamehe mmoja kodi, mwingine anamlipia. Wenye hisani wakapiga kelele, pendekezo likaanguka. Hoja ile haijafa lakini. Kila afisa wa kodi duniani anaibeba kifuani, na kusema kweli si hoja ya kipuuzi.

Kisha ikaja kesi ya Pemsel, mwaka 1891. Pemsel alikuwa mweka hazina wa Kanisa la Moravian, na kanisa lake lilikuwa na fedha za amana kwa ajili ya kazi ya umisheni nje ya Ulaya. Makamishna wa kodi wakagoma kurudisha kodi iliyokatwa. Kwao hisani ilikuwa ni kusaidia maskini, na kuhubiri kwa watu wa mbali si kusaidia maskini. Kesi ikafika kwenye Baraza la Malodi na Pemsel akashinda. Katika hukumu yake Lord Macnaghten aliyagawa mambo ya hisani mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa jamii yasiyoingia kwenye hayo matatu.

Nilipofika hapo nilisimama kwenda kujichemshia chai. Mafungu ni manne! Sisi tuna matatu.

Kwetu kodi ilikuja kwa mlango mwingine. Mwafrika hakuanza na kodi ya mapato, alianza na kodi ya nyumba mwaka 1901, halafu ya kichwa mwaka 1910. Hiyo haikuuliza umepata nini. Walowezi walipoletewa kodi ya mapato baada ya Vita vya Kwanza waliipinga hadi ikaondolewa mwaka 1922, na haikurudi mpaka 1937. Yaani kwa miaka 36 aliyelipa moja kwa moja kwa kuwa na kibanda alikuwa mwenyeji, na mwenye shamba la maelfu ya ekari hakutozwa mapato yake ila kwa kipindi kile kifupi. Nalitaja hili kwa sababu msamaha wa kodi kwa hisani ni mtoto wa kodi ya mapato. Ukiwa nje ya kodi hiyo, uko nje ya msamaha wake pia. Kikundi cha Kiafrika hakikuwa na sababu ya kugusa kile kifungu. Waliokigusa walikuwa misheni, shule na vyama vya walowezi. Dini, elimu, na dhiki.

Baadaye kodi ya mapato ikawa ya pamoja Afrika Mashariki, kwa sheria za 1952 na 1958, ikisimamiwa na idara moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ilipoanza kuyumba mapema miaka ya 1970, kila nchi ilichukua nakala yake. Wenzangu wa programu huria wataelewa: mradi mmoja ukagawanyika matawi matatu, na kila tawi likapata watunzaji wake.

Fuateni matawi hayo. Uganda waliandika upya mwaka 1997 na kuweka taasisi za kidini, za hisani na za elimu zenye sura ya umma, na hata vyama vya michezo ya ridhaa. Tanzania waliandika upya mwaka 2004, na kifungu cha 64 cha sheria yao, pamoja na umaskini na elimu, kilitaja afya ya umma, maji, na ujenzi au matengenezo ya barabara. Maji! Yameandikwa, wazi. Kingo za bahari za Malkia Elizabeth zimefufukia Dodoma. Ukisimama Shompole, kusini mwa Ziwa Magadi, unaona upande wa pili wa mpaka ambako Ziwa Natron linaanza. Wamaasai ni wale wale, kiu ni ile ile. Kikundi cha maji cha upande wa Natron kinaweza kunyoosha kidole kwenye neno. Cha upande wa Magadi lazima kieleze kwanza kwamba kukosa maji ni dhiki.

Sisemi haiwezekani kueleza. Inawezekana, na wengi wamefaulu. Hata kuuza maji hakukufungii mlango, kinyume cha watu wengi wanavyodhani. Aya ya 10 inasamehe mapato ya biashara pia, mradi faida yote iende kwenye lile lengo, na mradi moja kati ya haya litimie: biashara iwe ndiyo utekelezaji wa lengo lenyewe, au kazi ya biashara ifanywe hasa na wale wanaokusudiwa kufaidika, au mapato yawe ya pango la ardhi na vitu vinavyopangishwa pamoja nayo. Kwa akina mama wa mitungi, sharti la pili limekaa kama limeshonwa kwa vipimo vyao. Wao ndio wanaofaidika, wao ndio wanaosimama bombani. Lakini ulishaona wapi kikundi cha kijijini kinachoambiwa hivyo?

Sasa turudi Kajiado, maana historia ya hapa ina tabia yake. Umaasaini kusaidiana hakukuanza na cheti. Kuna osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kitovu, ule uzi unaomuunganisha mtoto na mama. Mkiwa na osotua, mmoja akipungukiwa anaomba na mwenzake anatoa, na hakuna anayeweka daftari la nani anamdai nani. Hakuna mweka hazina. Kwa upande wa Pwani Waislamu wana wakfu, na huo serikali iliutungia sheria na tume tangu enzi za mkoloni. Osotua hakuna aliyeitungia sheria. Pengine ni bora hivyo.

Chombo cha kwanza cha kisheria kilichowagusa Wamaasai kwa upana kilikuwa cha ardhi. Mnajua yaliyotangulia: mapatano ya 1904 na 1911 yaliyowahamisha kutoka malisho bora, na mwaka huo huo wa 1911 Kampuni ya Magadi Soda ikaanzishwa. Reli kutoka Konza ilifika ziwani mwaka 1915. Kampuni ilikuwa na karatasi. Wenyeji hawakuwa na karatasi. Kampuni ikapita mikono ya Brunner Mond mwaka 1924, ikaingia kwenye ICI, na tangu katikati ya miaka ya 2000 iko chini ya Tata Chemicals ya India. Kila mara ilipouzwa, chombo cha kisheria kilibaki kinatambulika na kila mtu. Hiyo ndiyo nguvu ya karatasi.

Mwaka 1968 Kenya ilipitisha Sheria ya Wawakilishi wa Makundi ya Ardhi, ile iliyozaa ranchi za pamoja. Kundi lilichagua wawakilishi wasiopungua 3 na wasiozidi 10, wakasajiliwa, wakawa mtu mmoja mbele ya sheria: wanaweza kushtaki, kushtakiwa, kumiliki. Olkiramatian na Shompole zilizaliwa kwa njia hiyo. Naiheshimu sheria ile kwa jambo moja, kwamba ilimpa mfugaji utu wa kisheria wa pamoja. Lakini ilikuwa sheria ya kumiliki ardhi kwa faida ya wanachama, haikuwa ya hisani. Na hapa ndipo penye utata ambao hata wanasheria huuzunguka. Sura ya umma maana yake nini? Ranchi yenye familia zake zilizoandikwa kwenye daftari, ni umma huo au ni watu binafsi wengi? Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ya Jamii ikachukua nafasi yake, jina likabadilika, lakini swali hilo lilibaki pale pale.

Kwa hiyo watu wa Kajiado wakajifunza kuvaa nguo mbili. Ardhi ina chombo chake, na kazi ya jamii inapata chombo kingine pembeni. Mwaka 2004 ranchi za bonde la kusini, kuanzia Magadi kuelekea Loita, ziliunda SORALO, muungano wa wamiliki ardhi wa South Rift. Hapa kwetu Kitengela kulikuwa na KILA, chama cha wamiliki ardhi wa Kitengela Ilparakuo. Wapenzi wa teknolojia, hiki kipande ni chenu: mwaka 2004 watu wa jamii walitembea tambarare za Athi-Kaputiei na vipokezi vya GPS, wakisaidiwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, wakipima ua baada ya ua, hadi ikapatikana ramani inayoonyesha jinsi nyumbu walivyozibiwa njia ya kutoka mbuga ya Nairobi. Wakati huo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika GPS.

Na mwaka 2000 Marafiki wa Mbuga ya Nairobi walikuwa wameanza mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela kiasi cha dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza ardhi. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka kufuata mihula ya shule, kwa sababu karo ndiyo iliyowalazimisha watu kuuza ardhi. Sasa niambieni, hiyo ni hisani ya aina gani kwa orodha ya 1973? Kulinda wanyama hakumo. Elimu imo, lakini mpango haukuwa shule. Umaskini umo, lakini anayelipwa ana ekari 100. Kwa Macnaghten ingeingia fungu la nne bila kutoa jasho.

Msidhani ni ugonjwa wa Kenya peke yake, wala wa wafugaji peke yao. Sisi wa kompyuta tumeonja pia. Mwaka 2014 mamlaka ya kodi ya Marekani iliikatalia Yorba, taasisi iliyokuwa ikitengeneza programu huria kama Shotwell, hadhi ya hisani, baada ya kuisubirisha zaidi ya miaka 4. Sababu moja ilikuwa kwamba programu huria inaweza kutumiwa na mtu yeyote kwa lengo lolote, la hisani au la biashara. Nilicheka niliposoma, halafu nikaacha kucheka. Kwa hoja hiyo maji ya bomba la umma nayo si hisani, kwa kuwa hata tajiri anaweza kuyanywa.

Hapa nyumbani, KIXP ya Nairobi ilifunguliwa Novemba 2000 na chama cha watoa huduma TESPOK, bila nia ya faida, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isipitie Marekani kwa setilaiti. Telkom Kenya ikalalamika kwamba hiyo inaingilia ukiritimba wake, na ndani ya majuma mawili hivi mdhibiti akaizima. Ilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya kupewa leseni. Ubishi ule ulihusu leseni wala haukugusa kodi, lakini mzizi ni mmoja: kitu kimefanywa kwa manufaa ya wote na fomu haina kisanduku chake. Na Ushahidi, iliyozaliwa wakati wa ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa 2008, fahari ya kila mwanaprogramu wa Kenya, ilisajiliwa Marekani kama shirika lisilo la faida. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo.

Kuna upande mwingine wa habari hii, upande wa usajili wenyewe, nao una siasa. Sheria ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika 1992, katika miaka ambayo serikali ya Moi iliyatazama mashirika kwa jicho la shaka. Bodi ilipewa uwezo wa kusajili na wa kufuta. Desemba 2014 ilitangaza kufuta zaidi ya mashirika 500. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, ilitangaza kulifuta shirika la haki za binadamu la KHRC, na madai ya kodi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Maafisa wa kodi nao wakavamia ofisi za AfriCOG. Hatua hizo zilisimamishwa kwa muda. Lakini mweka hazina wa kikundi kidogo akisikia habari hiyo redioni anajifunza jambo moja: msamaha wa kodi unaweza kutumika kama kamba.

Bunge lilikuwa limeshatoa tiba. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa saini Januari 2013, na maana yake ya manufaa ya umma ni pana: mazingira, maji, utamaduni, haki, vyote vinaenea. Jedwali lake la Pili linaorodhesha misamaha, ukiwemo wa kodi ya mapato kwa ada za wanachama na michango, na hata kwa biashara ikiwa mapato yote yanarudi kwenye lengo. Fungu la nne limerudi nyumbani, ungesema. Ila sheria ilisainiwa na haikuanzishwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamuru ianzishwe, haikuanzishwa. Ilianza kutumika Mei 14, 2024, miaka 11 na miezi 4 baada ya saini. Mwanaprogramu anayekamilisha kazi na kuiacha kwenye seva miaka 11 bila kuiwasha angefukuzwa.

Katikati ya kungoja huko, mwaka 2022, ikaja Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii, ambayo kwa mara ya kwanza iliweka vikundi kama vile vya akina mama wetu chini ya sheria kamili ya Bunge badala ya utaratibu wa ofisi tu. Kima cha chini ni watu 10. Ni jambo jema. Lakini cheti hicho nacho si msamaha wa kodi, na shirika la manufaa ya umma ni usajili mwingine, wenye ofisi yake. Kisha mwezi Juni 2024 zikatolewa kanuni mpya za kodi kwa mashirika ya hisani, na hata shirika lililosajiliwa kwa sheria mpya bado linapeleka maombi yake kwa Kamishna pamoja na katiba, hesabu zilizokaguliwa na maelezo ya kazi. Anayeshauri kikundi leo asome hizo karatasi mbili pamoja, ile ya usajili na ile ya kodi, kwa sababu hazikuandikwa na watu wamoja na haziongei lugha moja.

Kwa akina mama wa Magadi tulifanya lililowezekana. Mwaka 2020 tuliketi na katiba yao, kurasa 6 za kuandikwa kwa mkono, tukaisoma ibara ya malengo. Ilikuwa inasema lengo ni "kuinua maisha ya wanachama". Kwa Kiswahili cha kawaida ni maneno mazuri. Kwa aya ya 10 ni sumu, maana "wanachama" si umma na "kuinua maisha" si dhiki. Tukaandika upya: kupunguza dhiki ya ukosefu wa maji kwa wakazi wote wa eneo, na kuwasomesha watoto wa familia maskini. Mama mwenyekiti akataka kujua kama wageni wanaopita na ng'ombe wakati wa kiangazi nao ni wakazi. Tulibishana hilo kwa saa nzima, na sijui mwanasheria angesema nini, lakini mwishoni iliandikwa "na wapitao". Wanaume waliokuwa wamekaa chini ya mti wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikapiga chapa.

Kampuni ya pampu ilikuwa imeshaupeleka msaada wake kwingine. Pampu waliyo nayo sasa waliinunua wenyewe kwa mchango na kwa mauzo ya mitungi, ndogo kuliko ile ya ahadi. Katiba ile mpya wanaitumia, na hesabu za kila mwezi ziko kwenye programu niliyowaandikia, ambayo nimeiachia huria. Anayeitaka kwa kikundi chake aniandikie.

Na kama kuna msomaji wa upande wa Natron au Longido ambaye kikundi chake cha maji kimepitia kifungu kile cha 64 cha Tanzania, naye aniandikie tafadhali. Nataka kujua kama neno "maji" kuandikwa kwenye sheria lilirahisisha kazi, au afisa aliuliza yale yale.